Maswali ya Wasomaji: Mgombea anayetanguliza mazingira tutamtambuaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Kilifi, upande wa Watamu. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umekaribia, na tangu lilipozuka suala la kinu cha nyuklia kilichopendekezwa kujengwa Uyombo, katika kaunti yetu, siasa imegawanya hata watu wa nyumba moja. Katika wadi yetu kuna mgombea anayesema waziwazi kwamba hataunga mkono mradi wowote utakaogusa mikoko na bahari kabla wenyeji hawajasikizwa na hesabu ya hasara haijawekwa mezani. Mimi nimevutiwa naye. Kaka yangu, aliyemaliza chuo na ambaye huu ni mwaka wake wa nne bila ajira, ananiambia kwamba kumpigia kura mtu wa namna hiyo ni kumnyima yeye kazi, na kwamba mti haujawahi kumlipa mtu mshahara. Je, ni busara kumchagua kiongozi anayetanguliza mazingira mbele ya ukuaji wa uchumi? Na nitajuaje kwamba anayosema anayaamini? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Ndugu mwalimu, niruhusu nianze na kaka yako, kwa sababu uchungu wake ni wa haki. Kijana aliyekaa miaka minne na cheti mkononi hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya vizazi vijavyo, na mgombea asiyekuwa na jibu kwake hajajiandaa kuongoza, hata akiwa anaipenda mikoko kiasi gani. Lakini neno hili "ukuaji wa uchumi" linastahili kufunguliwa tuone ndani mna nini, maana mara nyingi tunaonyeshwa ukurasa wa mapato peke yake na ule wa hasara unabaki umefungwa.

Mfano uko karibu nanyi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007 kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri za magari zilizochakaa ili kupata madini ya risasi. Kilikuwa kiwanda cha kuuza bidhaa nje ya nchi, kiliajiri watu na kulipa mishahara, na katika hesabu za taifa kiliingia upande wa maendeleo. Hapakuwa na kitabu kilichoandika risasi iliyotua katika vumbi la nyua, ikaingia majini, na kufika katika damu ya watoto. Phyllis Omido, ambaye mwenyewe aliajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa amepata sumu hiyo, akaanza kupiga mbio ofisi kwa ofisi. Jitihada zake zilitambuliwa kwa Tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya amri hiyo kupinduliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliotwikwa mzigo huo zimo taasisi za serikali zilizopaswa kukisimamia kiwanda, kwa maana nyingine sehemu ya deni ni ya mlipa kodi, akiwemo kaka yako pindi atakapopata kazi. Ajira zile zilidumu miaka michache, ilhali madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto hayana dawa ya kuyarudisha nyuma.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu kwa ndiyo, ila naomba tuelewane kuhusu maana ya kutanguliza. Kiongozi ninayemzungumzia hachukii biashara wala kiwanda. Ni yule anayetaka hesabu nzima isomwe kabla ya mkataba kutiwa saini, na ambaye ikionekana kwamba faida ni ya wachache na hasara ni ya kisima cha watu wote, anathubutu kusema hapana, hata kama kusema hivyo kutaikosesha serikali yake mapato ya mwaka huo. Lamu walilazimika kuifanya kazi hiyo wenyewe. Palipendekezwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, kilomita zipatazo 20 kutoka Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Viongozi wengi waliusifu kuwa ni ukombozi wa pwani. Wavuvi, wazee na vijana wa kisiwani walikwenda mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likafuta leseni ya mtambo, sababu kubwa ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Wakati huo tayari umeme mwingi wa Kenya ulikuwa unatokana na joto ardhi la Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana, hivyo wale waliodai kwamba Lamu ichague kati ya makaa ya mawe na giza hawakuwa wakiwaambia watu ukweli wote.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Siku hizi hakuna mgombea asiyepanda mti mbele ya kamera. Mche ni bei nafuu, picha yake ni nzuri, na hakuna tajiri anayekasirishwa na mche. Mimi nimejifunza kutouliza mgombea amepanda miti mingapi, bali ni mapato gani amewahi kuyaacha, na ni mtu gani mwenye nguvu aliyewahi kumuudhi, kwa ajili ya mto, msitu au bahari.

Tazama Makueni. Mito ya kule ni ya msimu; mvua ikipita, maji hayaonekani juu, lakini yamo chini ya mchanga, na akina mama huchimba visima vya mkono katikati ya mto na kuteka miezi mingi baada ya mvua kukatika. Mchanga ndio tangi lao. Mchanga huohuo ndio unaotafutwa kwa ujenzi wa Nairobi, na kwa miaka mingi malori yaliubeba usiku na mchana hadi mito mingine ikabaki mwamba mtupu, ambapo gharika hupita kwa saa chache na kuacha ukame uleule. Palikuwa na fedha nyingi katika biashara hiyo, na watu waliuawa kwa sababu yake. Mwaka 2015, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga, ikaunda mamlaka ya kuusimamia na kuzuia usisafirishwe kibiashara nje ya kaunti. Hapo unaona kiongozi aliyekuwa na mapato ya haraka mbele yake, yaani ushuru wa kila lori, akaamua kwamba maji yaliyomo chini ya mchanga yana thamani kubwa kuliko ushuru huo. Mwaka huohuo Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza Kenya kuweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, ikitengea asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo.

Wapiga kura walimrudisha mwaka 2017. Hata hivyo nisingependa uamini kwamba walimrudisha kwa sababu ya mchanga peke yake. Serikali yake ilikuwa pia na mpango wa matibabu ambao familia ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka, na kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba. Mkulima alikatazwa kuuza mchanga lakini akaonyeshwa soko la maembe, na mama aliyelindiwa kisima chake alipata pia mahali pa kumpeleka mtoto anapougua. Hilo ndilo jibu ambalo kaka yako ana haki ya kulidai kwa mgombea wenu: baada ya kukataa mradi, unaleta nini? Huko Gazi na Makongeni katika kaunti ya Kwale, tangu mwaka 2013 wanavijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo (yaani wanalipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa wao), na mapato yake yameingia katika maji ya kijiji na shule. Fedha hizo si za kuajiri vijana wa kaunti nzima, na mgombea atakayekuambia kwamba mikoko pekee itawalipa wote mshahara anakudanganya kama yule wa makaa ya mawe. Ila mikoko hiyohiyo ndiko samaki wanakokulia kabla ya kwenda kwenye wavu wa mvuvi, na watalii wa Watamu hawaji kutazama ukuta wa saruji. Ajira zilizokwisha kuwapo nazo zihesabiwe zinapowekwa kwenye mizani ajira za kuahidiwa.

Kuna jambo moja linaloniumiza na ambalo watetezi wa mazingira huwa hatulisemi kwa sauti. Mazingira yanaweza kutumiwa kama fimbo ya kuwapigia wanyonge. Msitu wa Mau ulipokuwa umepoteza takriban robo ya eneo lake, serikali iliamua mwaka 2009 kuwahamisha waliokuwa wamekaa ndani yake, na uamuzi huo ulimgharimu Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, uungwaji mkono mwingi katika Bonde la Ufa. Kulinda chanzo cha maji cha mamilioni ya watu kulikuwa na hoja yenye nguvu. Lakini Waogiek, walioishi katika msitu ule kwa uwindaji na asali tangu enzi za mababu zao, nao walipewa notisi ya kuondoka katika mwezi Oktoba mwaka huohuo, kana kwamba wao ndio waliokata miti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba uhifadhi haukutosha kuwa sababu ya kuwafukuza, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Basi muulize mgombea wako: siku ya kulinda mikoko, nani atakayezuiwa kwanza? Akikutajia mama anayekata kuni pekee, na asimtaje mwenye hoteli aliyejenga ndani ya ufuo wala mwenye kiwanda anayemwaga maji machafu baharini, jihadhari naye.

Pia uyasikilize maneno mawili ya kiongozi mmoja kwa wakati mmoja. Serikali ya sasa ya Kenya imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, nalo ni lengo kubwa na jema. Serikali hiyohiyo, Julai 2023, ilitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyokuwapo tangu mwaka 2018, ikieleza kwamba itakayovunwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa na kwamba viwanda vya mbao vinahitaji malighafi. Huenda mtu mmoja akayaunganisha mambo hayo mawili vizuri, lakini mpiga kura ana wajibu wa kuuliza yanaunganishwaje: nani anayehesabu miti iliyokatwa, na hesabu hiyo inasomwa wapi.

Mwisho kwako, mwalimu, ujue unamchagua kwa kazi gani. Mwakilishi wa wadi hatoi leseni ya mazingira. Leseni ni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na kinu cha nyuklia ni jambo la serikali kuu. Mgombea anayeahidi kulizuia peke yake ameahidi kisicho mikononi mwake. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya taka, uchafuzi wa hewa, na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu, na bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya kazi hizo. Anaweza kuleta mswada kama ule wa mchanga. Anaweza kuhakikisha mkutano wa kutoa maoni unafanyika kijijini kwenu, siku isiyo ya soko wala ya bamvua wavuvi wakiwa baharini, na kwamba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inaelezwa kwa lugha mnayoielewa. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kwanza kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumizwa. Muulize kama anazijua ibara hizo, na kama yuko tayari kuzitumia dhidi ya chama chake mwenyewe.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwenyeji wa Nyeri na nimekuwa nikipiga kura katika eneo bunge la Tetu tangu ujana wangu. Dunia nzima inamsifu Profesa Wangari Maathai, nasi tunajivunia, lakini ni sisi wenyewe tuliomwondoa bungeni mwaka 2007, miaka mitatu tu baada ya kupewa Tuzo ya Nobel. Jambo hilo linanikaa moyoni. Je, halionyeshi kwamba mtu wa mazingira hawezi kudumu katika siasa za kura? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Mzee wangu, nakushukuru kwa kulisema, maana wengi hulipitia kando. Ni kweli kwamba mwaka 1997 aliwania urais na kiti cha Tetu, akavikosa vyote viwili. Mwaka 2002 mkamchagua kwa asilimia 98 ya kura. Na mwaka 2007 akashindwa katika mchujo wa chama, akagombea kwa chama kidogo, akashindwa tena.

Mimi nalisoma tukio hilo hivi. Mbunge wa Kenya, hasa tangu mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge uanzishwe mwaka 2003, hupimwa kwa madarasa, zahanati, karo na kuhudhuria mazishi. Hakuna aliyewahi kumpima mbunge kwa chemchemi ambayo haikukauka, kwa sababu chemchemi isiyokauka haizinduliwi kwa kukata utepe. Alikuwa pia waziri msaidizi tangu mwaka 2003, cheo chenye heshima na mamlaka finyu, ndani ya serikali ambayo vipaumbele vyake vilipangwa na wengine. Mpiga kura humtuma mtu mmoja mwenye imani ya mazingira katika chumba chenye watu kadhaa wasio nayo, kisha humlaumu kwa kutokishinda chumba kizima.

Angalia pia kwamba kazi yake kubwa zaidi aliifanya bila kiti. Mwaka 1989, palipopangwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, alipinga kwa barua na maandamano hadi wafadhili wakarudi nyuma. Wakati huo alikejeliwa na wabunge. Mwezi Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu akipanda mti Karura, msitu ambao ulikuwa umeanza kugawiwa watu wenye majina. Leo familia za Nairobi hutembea katika msitu huo siku ya Jumapili. Waliomkejeli mwaka 1989 walikuwa wamechaguliwa, na wapiga kura wao hawakuwadai chochote.

Kwa upande mwingine, John Michuki, aliyepewa wizara ya mazingira mwaka 2008, hakuwa anajulikana kama mwanamazingira hata kidogo. Alijulikana kwa ukali wake kwa wenye matatu. Lakini aliuelekeza ukali huo kwenye Mto Nairobi, akawabana waliokuwa wakimwaga uchafu, na sehemu ya kingo zake ikageuka bustani ambayo sasa ina jina lake. Ninamtaja kwa sababu natumaini haitamlazimu mpiga kura wa Tetu kungoja apatikane Wangari mwingine. Anaweza kumchukua mgombea wa kawaida mwenye msimamo, akamwambia kabla ya kura kwamba mwaka wa kwanza atamwuliza kuhusu chemchemi fulani na msitu fulani, kisha akamwuliza kweli. Jambo linalokukaa moyoni lipeleke kwenye mkutano wa kwanza wa kampeni utakaofanyika kwenu.

SWALI: Nasoma jarida hili nikiwa Kilwa, Tanzania. Huku mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa, na mbunge yuko mbali. Kijiji chetu kina msitu wenye mpingo na mninga, na kila msimu watu wanakuja kuomba ardhi wafyeke walime ufuta, ambao kwa kweli una bei nzuri. Kura yangu ina maana gani katika jambo hili? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Ndugu yangu, huenda kura yako ina nguvu kuliko ya mwalimu wa Kilifi. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kikaweka mpango wa uvunaji na kubaki na mapato ya mazao yake. Vijiji vya wilaya yenu ni miongoni mwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu wa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii, mwaka 2009, kwa hiyo jambo hili kwenu si ndoto. Mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji mnawachagua wenyewe. Ufuta humlipa mwenye shamba msimu huu. Gogo la mninga lililovunwa kwa mpango hulipia darasa au kisima cha wote, na mti mwingine unabaki kwa mwaka mwingine.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, na mwingine ni wa mwaka 2029, lakini mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Hudhuria. Omba isomwe idadi ya magogo yaliyotoka, jina la aliyeyanunua na bei aliyolipa. Kisha uliza nyundo ya kugongea alama magogo huhifadhiwa na nani, na ni nani aliyekuwapo mara ya mwisho ilipotolewa.